Mwaka Niliomwoshea Mama Kibuyu

Wiki tatu zilizopita nilienda Laiser Hill kumwona Mama Ndanu, na tangu siku hiyo sijatulia. Mke wangu ameniambia mara kadhaa nikae chini nile kama mtu, nami nakaa, nakula, halafu nainuka naenda dirishani kuangalia kitu ambacho hakipo. Sikwenda huko kutafuta makuu. Nilisikia amehamia kwa binti yake, magoti yamemkataa, nikasema wacha nimsalimie sasa, nisije nikamsalimia akiwa ndani ya sanduku. Huyu mama alikuwa jirani yetu Kitengela, ukuta wake na wetu ukiwa mmoja, wa mabati, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na nikaachwa nyumbani peke yangu na Yeyo, yaani mama yangu, ambaye kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Tulikunywa chai. Tuliwataja waliokufa na walionenepa. Aliniuliza niko na watoto wangapi, akasahau, akauliza tena. Halafu, akiwa anachovya mkate kwenye kikombe, akasema bila hata kuniangalia, "Lakini mama yako alikuwa mjanja, Parmuat. Chai yangu ya maziwa ya pakiti alikunywa mwaka mzima na wewe hukujua."

Nilimwambia amechanganya watu. Mama yangu hakunywa maziwa ya pakiti. Mama yangu alikunywa maziwa ya kibuyu tu, kibuyu nilichokiosha mimi kwa mikono yangu, asubuhi na jioni, mwaka mzima, nikichekwa na kila mwanaume aliyepita pale.

"Sijachanganya," akasema. "Niko na magoti mabaya, lakini kichwa bado iko sawa. Kila siku ukishatoka na ng'ombe saa nne, mimi naingia na birika. Anamaliza vikombe viwili. Na mkate."

"Na mkate?"

"Na siagi juu. Siku za kwanza alikataa kweli, ile ilikuwa ugonjwa. Lakini baadaye akapata nguvu kidogo, nikamwambia, Mama Koinet, si umwambie kijana sasa unakunywa kila kitu, apumzike? Akanishika na ile mkono yake nzima. Akaniambia, 'Nikikunywa hii, ataenda.'"

Ataenda. Nimelibeba neno hilo kutoka Laiser Hill mpaka Kitengela na bado sijui niliweke wapi. Mara nakasirika, maana ni kama nilifungwa kamba mguuni nikiwa mtu mzima, na aliyenifunga ni mgonjwa asiyeweza hata kufunga kilemba chake. Mara naona aibu kwa kukasirika. Mama amekufa miaka mingi sasa, huwezi kwenda kaburini kumwuliza mtu kwa nini alikula mkate. Kwa hivyo naandika. Labda nikiandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, nitapata pa kukaa.

Wakati huo mimi sikuwa kijana wa kukaa. Watu wazima walikuwa na maneno mengi kwa ajili yangu: kiherehere, mtu wa miguu ya kuwasha, na jingine la Kimaa ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mke wangu husoma ninayoandika. Nilikuwa nimemaliza shule na kujaribu kazi tatu. Ya kwanza niliiacha baada ya wiki mbili, ya pili baada ya siku nne, ya tatu sikurudi baada ya chakula cha mchana. Hakukuwa na sababu. Ningekuwa nimeketi na watu, wanaongea vizuri, mara kifua kinanibana na lazima nitoke, na nikitoka siendi popote, natembea tu barabarani mpaka nichoke. Nilipigana Namanga na mtu ambaye mpaka leo sijui jina lake. Kaka yangu Koinet ndiye aliyekuja kunichukua. Hakuniuliza kitu njia nzima, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Koinet alikuwa amepata kazi ya mkataba Turkana, ya barabara, mwaka mmoja. Yeyo alikuwa ametoka hospitalini na mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala mapajani. Dada yetu alikuwa ameolewa Oltepesi na mtoto bado ananyonya. Nilibaki mimi. Koinet aliniketisha nje ya nyumba yake ya vyumba vitatu, viwili vyetu na cha tatu amempangishia Mama Ndanu, akaniambia maneno machache ambayo naweza kuyarudia leo bila kukosea. "Daktari amesema ale, anywe dawa saa ile ile kila siku, asishtuliwe. Akikosa hivyo, kiharusi cha pili kitamuua. Wewe kaa naye mpaka nirudi. Ukiondoka hata kama ni mwezi wa kumi na moja, namchukua nampeleka ile nyumba ya wazee Nairobi, na atakufa huko na watu ambao hawajui hata kumsalimia. Sikutishi, Parmuat. Sina njia nyingine." Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana, na yeye alijua maana yake, kwa sababu aliniangalia muda mrefu kabla ya kuchukua mkoba wake.

Chumba cha Yeyo kilikuwa na kitanda cha chuma, kiti kimoja chenye mto, jiko la makaa karibu na mlango, na msumari ukutani uliokuwa umebeba kibuyu chake. Dirisha liliangalia magharibi, kwa hivyo asubuhi kulikuwa na giza na baridi na alasiri joto la kukaanga mtu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na ng'ombe wawili kwenye zizi la miiba. Siku hizo ungeweza kufuga ng'ombe pale. Leo ukisimama mahali lile zizi lilipokuwa, uko ndani ya duka la simu. Siku ya kwanza nilimpa maziwa ya pakiti kwenye kikombe cha plastiki. Alifunga mdomo. Siku ya pili nikampa uji, akaugeuzia uso ukutani. Siku ya tatu nilianza kuogopa. Dawa zilitaka tumbo lenye kitu na tumbo lilikuwa tupu, na maneno ya Koinet yalikuwa kichwani mwangu mchana kutwa. Ndipo akainua mkono wa kushoto akaonyesha ukutani. "Kule," akasema. Kwa Kimaa, kule ni maziwa. Alikuwa anaonyesha kibuyu.

Nilifurahi! Nilimshukuru Mungu. Nikakishusha, nikachungulia ndani, nikaona kumeganda weusi weusi, harufu ya moshi wa zamani. Nikasema hapana, mama yangu hawezi kunywa kwenye uchafu huu. Mimi ni Mmasai, baba Mmasai, lakini nilisoma shule ya kulala tangu darasa la nne, na nyumbani kazi ya vibuyu ilikuwa ya mama na dada, mvulana akikaribia anafukuzwa. Nilikuwa nimekunywa kutoka kwenye vibuyu maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuona kinavyotengenezwa. Basi nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, ya kufulia, konzi nzima. Nikatia kokoto ndogo nikatikisa mpaka mabega yakauma, nikasuuza, nikakitundika kichwa chini kwenye kamba ya nguo, kando ya shuka. Kilitoka cheupe ndani. Nilijivunia sana. Nikakamua, nikatia maziwa, nikampelekea.

Yeyo alinusa kwanza. Niliona pua yake ikisita. Lakini alikuwa na njaa, akapiga funda moja, akalishika mdomoni, halafu akaliachia. Maziwa yakashuka kidevuni, shingoni, mpaka kwenye shanga. Kisha akalia. Mtu aliyepigwa na kiharusi akilia, uso nusu unalia na nusu umetulia, na sikujua niangalie upande gani. Nilitoka nje nikiwa nimeshika kibuyu, na Mama Ndanu, ambaye alikuwa anachambua maharagwe mlangoni pake, akakichukua, akakinusa, akaniangalia kana kwamba nimemchinja mtu.

"Ngai! Umeosha na sabuni?"

"Kilikuwa kichafu."

"Wewe ni Mmasai wa wapi? Hata sisi Wakamba tunajua. Hiyo ilikuwa dawa ya maziwa, mwana wakwa, moshi wa miaka yote. Sasa hii weka mbegu za maboga." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, na mimi nilitaka kuondoka hapo hapo, kuelekea barabara kuu, upande wowote ule.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Kajiado. Nilimwacha Yeyo na Mama Ndanu, nikaenda kununua kibuyu kipya upande ambapo akina mama huketi na vibuyu na shanga. Nilimsalimia mmoja mkubwa kwa heshima, "Takwenya," akaniitikia "Iko," akaniuliza ninamnunulia nani. Nikamwambia ni cha kutumia mimi mwenyewe, na anifundishe kukiosha. "Huna dada?" Ameolewa. "Huna bibi?" Sina. Akageuka akawaita wenzake kwa sauti ya kuita mbuzi, njooni, njooni mwone, kuna mwanaume anataka kuosha kibuyu! Walikuja kama sita. Walinizunguka, wakanicheka, mmoja akajifuta machozi na shuka yangu mimi mwenyewe. Lakini nilipoeleza kuhusu Yeyo na sabuni, kicheko kilikatika mara moja, na yule mkubwa akavuta jiko lake la chai karibu akanionyesha.

Unachukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, unakiweka motoni mpaka ncha iwe kaa jekundu. Kibuyu umeshakisuuza kwa maji ya moto, maji matupu. Unakiingiza kile kijiti ndani na kukisuguasugua ukutani pole pole, kaa linavunjika vipande, unafunika, unatikisa, moshi unabaki ndani. Ukiwa na haraka kaa linazimika na kibuyu kinanuka majivu. Ukiwa na haraka zaidi unakiunguza, kinatoboka. Baadaye unamwaga masizi, unachukua kile kiufagio cha singa za mkia wa ng'ombe, unafagia ndani, unapuliza, unafagia tena, mpaka kiufagio kitoke kisafi. Ukiacha chembe moja, mwenye kunywa ataipata kwenye meno. Yule mama alinishika kifundo cha mkono. "Wewe unatikisa kama unafukuza nyoka," akasema. "Kwani unaenda wapi?"

Yeyo hakunipa nafasi ya kutafuta jibu la swali hilo. Kazi ilinikamata. Saa kumi na moja asubuhi niwashe jiko, kijiti kiingie motoni, nikamue wakati kinashika, nirudi nisuuze, nisugue, nifunike, ningoje, nifagie. Nimpelekee. Anuse. Wiki mbili za kwanza alikikataa kibuyu asubuhi tano. Alinirudishia tu, na mimi nilikipeleka nje nikilaani kwa sauti ya chini, nikianza upya nikiwa nimekunja uso, na cha pili pia kikawa kibaya kwa sababu ya hasira. Nilijifunza jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, kwamba kile kibuyu kilijua nilivyo. Siku niliyoamka kifua kimebana, mikono ilikimbia, kaa likazimika, na mama akanirudishia. Sikuwa na njia ya kumdanganya. Ilibidi nipunguze mwendo mwili mzima, kuanzia mabegani, ili mwanamke mmoja mgonjwa anywe maziwa saa mbili na ameze vidonge vyake viwili.

Sitaki mtu afikiri nilipata amani kirahisi. Nilichukia. Alasiri, ng'ombe wakiwa uwandani na kundi la jirani, nilizunguka nyumba ile mpaka nikatengeneza njia kwenye nyasi, Mama Ndanu akaiita barabara ya Parmuat. Nilipanga sufuria upya. Nilifagia mahali palipofagiwa. Nilisimama mlangoni kwa Yeyo, nikaingia, nikatoka, na yeye kwenye kiti chake akinifuata kwa macho. Kila Jumanne na Ijumaa Kasaine, rika langu, alipita na lori la mwenye mashamba ya Kimana, akitoka kupeleka vitunguu na nyanya Nairobi, na akifika mkabala na nyumba alipiga honi mara tatu. Alikuwa ameniahidi nafasi ya kumsaidia kwenye lori, halafu atanifundisha kuendesha. Siku moja aliingia bila kubisha akanikuta nimechuchumaa mbele ya jiko, kibuyu mapajani, kiufagio mkononi.

"Ero! Umeolewa na nani?"

Nilimrushia kijiti chenye moto. Alikwepa, akacheka, akapiga magoti kumsalimia Yeyo kwa adabu zote, na alipotoka akaninong'oneza, "Kaka, utazeekea hapa. Njoo." Yeyo alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka mlangoni. Leo nikikumbuka, hakuna neno lingempita pale.

Na kuna mambo niliyoyasikia na sikuyasikia. Siku zile nilizochelewa kutoka na ng'ombe, nikiwa bado nyuma ya nyumba, nilisikia kupitia mabati sauti ya Mama Ndanu na ya Yeyo wakiongea Kiswahili chao cha kuokoteza, mmoja Mkamba na mwingine Mmasai, na katikati ya maneno kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Ti-ti-ti. Nilidhani Mama Ndanu anakunywa chai yake. Mara moja nilisikia Yeyo akicheka, na nilishangaa kwa sababu kwangu hakuwa anacheka, hata kuongea hakuongea, ilikuwa ishara na macho tu. Nikajiambia wanawake wana yao. Nikaondoka na ng'ombe. Mungu wangu, kijiko kile nimekisikia usiku na mchana wiki hizi tatu.

Mwezi wa nane kiangazi kilibana, maziwa yakapungua, na mimi nikafika mwisho. Ilikuwa Jumanne. Kijiti kilikuwa motoni, maziwa kwenye sufuria, honi ikalia barabarani, na nikasikia miguu yangu ikitoka kabla sijaiambia. Sikuchukua hata koti. Kasaine alifungua mlango wa lori na kusema, "Hatimaye," na tukashika njia ya Isinya, lori tupu likirukaruka, upepo usoni, nami nikipiga kelele za furaha. Nilijiambia ni siku moja tu, Kimana na kurudi. Nilijiambia Mama Ndanu yupo. Nilijiambia mengi mpaka tulipofika Kajiado, Kasaine akasimama tunywe chai hotelini. Wakaniwekea kikombe. Nilikiinua, na kabla ya kunywa nikakinusa. Kasaine akaniuliza, "Unanusa nini? Kwani ni ya mchawi?" Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Dawa za saa mbili zilikuwa bado kwenye kopo juu ya dirisha, na Yeyo hakuwa na kitu tumboni tangu jana, na kiharusi cha pili kitamuua. Niliona jinsi atakavyokuwa ameanguka kutoka kwenye kile kiti, upande gani, na mkono gani chini. Niliinuka nikamwacha Kasaine na vikombe viwili. Nilipata lori la mchanga, nikapanda juu ya mchanga.

Nilifika saa nane. Yeyo alikuwa ameketi akielekea mlango, kibuyu kimelala mapajani pake, kichafu vile vile cha jana. Aliniangalia nilivyojaa vumbi la mchanga mpaka kwenye kope. "Umechelewa," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu lile "kule" la siku ya tatu, na alilisema polepole, akilipanga kila kipande. Nilipiga magoti nikalia, sikujali kama mlango ulikuwa wazi. Kisha nikakichukua kibuyu nikawasha jiko upya. Nikakiosha siku hiyo vizuri kuliko siku yoyote, mikono ikitembea yenyewe, na sikuwa na mahali pengine duniani nilipotaka kuwa isipokuwa mbele ya lile jiko nikingoja moshi utulie. Alikunywa yote. Hakuyatoa macho kwangu mpaka tone la mwisho.

Sasa sikiliza. Nimemwuliza Mama Ndanu kuhusu siku hiyo. Anaikumbuka vizuri. Saa mbili na dakika chache aliona mlango wazi na jiko linafuka peke yake, akaingia, akampa Yeyo chai na mkate na vidonge vyote viwili. Yaani wakati mimi nimelala juu ya mchanga nikimwomba Mungu asimchukue mama yangu, mama yangu alikuwa ameshiba. Halafu aliposikia lori la mchanga likisimama, akamwomba Mama Ndanu amshushie kile kibuyu ukutani na amwekee mapajani. Nilipoambiwa hivyo nilisimama katikati ya sebule ya watu Laiser Hill nikasema, "Aliniigizia!" Mama Ndanu akanijibu, "Kaa chini. Aliniuliza mara nne kama utarudi."

Baada ya siku hiyo sikukimbia tena, na siwezi kusema ni kwa sababu ya hofu tu. Kitu kilikuwa kimekaa. Nilianza kuamka kabla ya jogoo wa Mama Ndanu bila kifua kubana. Nilizijua sauti za chumba kile: makaa yakishika, ng'ombe mkubwa akipumua kwa pua moja, Yeyo akigeuka kitandani na springi za kitanda zikilalamika. Nilikuwa namchana nywele, namsugua ule mkono uliolala kwa mafuta, vidole kimoja kimoja, nusu saa, nikiongea upuuzi au nisiongee. Nyasi ziliota kwenye barabara ya Parmuat mvua iliponyesha. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi Mama Ndanu aliniuliza nimegombana na Kasaine au vipi, maana amepiga honi mara tatu, halafu mara tatu tena, akaenda zake. Nilikuwa nyumbani, hatua thelathini kutoka barabarani, nikifagia ndani ya kibuyu. Sikuwa nimesikia kitu.

Koinet alirudi tarehe aliyosema, pamoja na Naserian, mke aliyemwoa mwaka ule, wakiwa na magodoro na masanduku. Alimkuta Yeyo ameketi nje kwenye jua, amenenepa, anaweza kuinua kidole gumba cha ule mkono mbaya. Kaka yangu si mtu wa maneno. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakitikisa kidogo, basi. Kasaine alikuwa ameambiwa, lori lilikuwa linanguruma barabarani, nafasi yangu ilikuwa bado ipo, na mkoba wangu ulikuwa begani. Na sikutaka kwenda. Huu ndio ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Mwaka mzima nilingoja siku ile, na ilipofika nilikuwa natafuta sababu ya kuushusha mkoba, na nilijua sababu yenyewe. Naserian alikuwa amelelewa mjini, kibuyu hajui kukishika. Koinet naye alilijua hilo, kwa sababu aliinama mbele ya Yeyo akamwuliza, "Sasa Yeyo, kibuyu chako atakiosha nani?"

Sote tulingoja. Nilisogea karibu ili asiwe na shida ya kuinua sauti. Nilitaka aseme jina langu. Angesema tu, ningekaa mwaka wa pili, na wa tatu, ningekaa mpaka leo. Aliniangalia, akauangalia mkoba, akaniangalia tena. Mdomo ukahangaika kidogo kutafuta mahali pa kushikia, halafu neno likatoka safi kabisa, safi kuliko yote aliyowahi kusema mwaka ule.

"Yeyote," akasema.

Niliumia, jamani. Asubuhi zote zile, vicheko vyote vile, na mimi ni yeyote! Sikuinamisha kichwa anibariki kama inavyopaswa. Niligeuka nikatembea mpaka kwenye lori, nikapanda, na Kasaine alipoanza kupiga porojo nikamwambia anyamaze aendeshe. Niliendesha malori miaka ishirini na sita. Nilioa, nikajenga, nikapata watoto, na kila nilipomtembelea Yeyo, mpaka mwaka wa kumi na moja alipofariki, niliketi karibu na mlango, nikamsalimia vizuri, na sikukigusa kibuyu tena hata siku moja. Aliona. Hakuwahi kuniomba.

Nilipokuwa naaga Laiser Hill, nimeshavaa viatu, nikamwuliza Mama Ndanu kama anaikumbuka siku niliyoondoka. Akasema anaikumbuka. Lori lilipoondoka, Naserian alimpelekea Yeyo chai, hakunywa. Koinet akamshikia uji, hakufungua mdomo. Jioni Mama Ndanu mwenyewe aliingia na birika, peke yake, akafunga mlango, akamwambia sasa kunywa, ni sisi wawili tu, hakuna anayekuona.

"Akakataa," Mama Ndanu akasema. "Siku mbili. Hiyo sasa haikuwa ya kuigiza."